Ndege ya Anjela na Baraka za Wazee

Ndugu zangu wa jumuiya, leo nimeaibika mchana kweupe, na wa kulaumiwa ni mimi. Ningekataa tu siku ile Madam, mkuu wa sekondari yetu hapa Kibosho, alipokuja kuniomba niwe mlezi wa klabu ya urubani. Nilikuwa na jembe mkononi. Ningesema nina migomba ya kupalilia. Nikasema ndiyo.

"Mzee, ni wewe peke yako hapa uliyefanya kazi uwanja wa ndege," aliniambia.

Kweli nilifanya. Nilikuwa nasukuma ngazi za abiria. (Ndege ikija, nasogeza ngazi. Ikitaka kuondoka, nazitoa. Huo ndio urubani wangu wote.)

Klabu ilikuwa wazo la mjukuu wangu Anjela, wa kidato cha tatu. Tunaishi wawili. Likizo nzima yeye na wenzake walijenga ndege kwenye banda langu la kahawa: fito za mianzi, karatasi za kaki, na gundi ya unga wa ngano waliyoipika wenyewe. Haina injini. Inarushwa kwa mpira wa tairi, kama manati. Jioni akiniletea chai alikuwa ananieleza jinsi upepo unavyobeba bawa. Nilielewa nusu tu, lakini chai ile nilikuwa naisubiri tangu mchana.

Sharti la Madam lilikuwa moja. Leo, mbele ya wazazi na afisa elimu kata, ndege ivuke uwanja wa mpira. Ikivuka, klabu inaanza. Isipovuka, wote wanahamia klabu ya mbogamboga.

Asubuhi, kabla wageni hawajafika, waliijaribu. Ikavuka na kupitiliza! Anjela alinirukia shingoni. Kazi ilikuwa imekwisha, jamani. Mimi nilibakiwa na kukaa kwenye kiti na kupiga makofi.

Lakini mlezi akae tu? Kwetu mtoto akizaliwa tunambariki. Nyumba ikiisha tunaibariki. Chombo cha kwenda angani kiondoke hivihivi? Nikaomba kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi ya kubarikia, kwenye ile ndoo waliyotuwekea wazee.

"Babu, isilowe," Anjela alininong'oneza. "Ile ni gundi ya unga."

"Mjukuu wangu, mimi nimeona ndege zinanyeshewa kutwa nzima na bado zinaruka."

(Zile zilikuwa za bati. Nimekumbuka baadaye.)

Nikapiga funda, nikalipulizia bawa la kulia. Pfuu! Watu wakashangilia. Hapo ningekoma. Lakini jirani yangu, mzee Beda, akainuka na fimbo yake.

"Wewe ni mdogo kwangu. Unabarikije na mimi nimekaa?"

Ni kweli, amenizidi umri. Nikampa kata. Mzee Beda hana meno ya mbele, kwa hiyo baraka yake ilitoka yote kwa mkupuo. Basi meza nzima ya wazee ikapanga foleni, mkubwa akimtangulia mdogo, kila mtu na funda lake. Anjela alikuwa anafuta bawa kwa sweta la shule, machozi yanamlengalenga.

"Wazee wangu, inatosha, tafadhali!"

"Mwacheni binti alie," alisema mzee Beda. "Ni furaha hiyo."

Ndege ikawekwa kwenye mpira. Ikavutwa. Ikaachiwa. Ikapaa! Nikamgeukia afisa elimu. "Unaona, bwana, ndege ikibarikiwa..."

Sikumaliza. Katikati ya uwanja bawa la kulia lilibanduka taratibu, kama ganda la ndizi. Ndege ikageuka, ikatutafuta, ikaja kwetu.

"Laleni!" nilipiga kelele. (Ndiyo amri pekee ya kirubani niliyotoa leo.)

Ikaingia pua kwanza kwenye sufuria la mtori wa wageni, ile supu yetu ya ndizi na nyama. Mtori uliruka na kutua kwenye suti nyeupe ya afisa elimu. Uwanja ukacheka. Kina mama walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee Beda akachungulia sufuria. "Ndizi zilikuwa zimeiva. Hii ndege ndiyo bado."

Afisa alijifuta kola. "Mlezi wa klabu hii ni nani?"

Uwanja mzima ulininyooshea kidole. Anjela naye.

Nikamfuata afisa. Nikamwomba awape nafasi nyingine, kosa si la watoto, asubuhi ilivuka.

"Mzee, mimi nakubali nilichokiona," alisema. "Na nilichokiona nimekivaa."

Nikarudi kwa Anjela. Alikuwa anaokota fito kwenye mtori, mojamoja, anazipangusa.

"Mjukuu wangu, tutajenga nyingine."

"Asubuhi ilivuka, babu." Hakuniangalia. "Ilivuka."

Anayetaka kucheka acheke, ila video msinitumie. Ninayo. Katekista ameshanitumia.

Klabu imefutwa. Jumatatu Anjela anaanza mbogamboga. Jioni hii chai nimechemsha mwenyewe, nikainywa peke yangu, na hakuna aliyenieleza habari za upepo.