Yah: Kuliondoa Dole Gumba Langu kwenye Simu Yako

Wegesa,
Chumba cha Pili,
Nyumbani kwa Shangazi,
Nyasho, Musoma.
Jumatano, baada ya vipindi.

Kwa Shangazi Nyangi,
Chumba cha Kwanza,
Nyumba hiyo hiyo.

Shangazi yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua tunalala ukuta mmoja na ningeweza kubisha hodi tu, lakini wewe mwenyewe unajuaga nikiongea na mtu mzima sauti inaishia kooni. Kwa simu nisingeweza kukuandikia, maana herufi za simu huzioni na meseji zako zote nakusomea mimi. Ningejikuta nasoma malalamiko yangu kwa sauti mbele yako, halafu nasubiri uniambie nijijibu nini. Ndiyo maana nimechana karatasi ya daftari la Uraia, nimeandika kwa herufi kubwa ili miwani isikusumbue, na nimeiweka kwenye kitabu chako cha nyimbo ambacho hakuna mwingine anayekigusa. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema malalamiko yakipewa namba hayaonekani kuwa utovu wa adabu. Nimeyapa namba.

1. Dole lenyewe. Siku uliponunua hiyo simu, ilikataa vidole vyako vyote kumi. Miaka ya kupara sato na kusugua chumvi kwenye kayabo, wale samaki wa kukausha, imevilainisha mpaka vimekuwa kama mgongo wa kijiko, havina mstari hata mmoja. Kijana wa dukani alikushauri uweke namba ya siri. Ukamwambia, "Namba inaibwa, dole haliibwi," ukanishika mkono ukalibandika la kwangu. Mimi nilidhani ni la muda. Huu ni mwaka wa pili. Simu ni yako, lakini mlango wake ni mimi, na mlango hauendi mbali na nyumba. Umenitoa kanisani katikati ya mahubiri. Umekuja shuleni na beseni kichwani wakati tunafanya mtihani wa majaribio wa Baiolojia, ukapenyeza simu kwenye nondo za dirisha, ukasema darasa zima likisikia, "We Wegesa, leta dole." Msimamizi aliruhusu kwa sababu alidhani kuna msiba. Ilikuwa mtu amekutumia picha ya paka aliyevaa kofia. Tangu siku hiyo shuleni naitwa Dole, na hata walimu wameanza kujisahau.

2. Maneno. Kufungua ni kazi ndogo. Shida ni yale unayotaka niandike. Wewe unaongea huku unapara samaki, na kila sentensi inatoka ikiwa na kisu ndani. Mimi nimesoma ile shule ya msingi ya Kiingereza uliyonilipia wewe mwenyewe, ambako hata ruhusa ya kwenda chooni tulianza na tafadhali na kumalizia na asante, mpaka wengine wakachelewa. Dole langu lina aibu kuliko mimi. Kwa hiyo nakiri. Mama Prudence wa Bunda alipolalamika kwamba sato wake ni wadogo, ulisema: "Mwambie ziwa lipo, akavue mwenyewe." Niliandika: "Pole sana mama yangu, nimeumia kusikia hivyo. Mzigo ujao nitakuchagulia kwa mkono wangu." Alipoagiza tena, ndoo mbili, ulicheka ukasema, "Unaona? Mtu akipewa ukweli ananyooka." Sikukusahihisha. Nilienda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

3. Manunuzi. Ulilipenda lile beseni la bluu kwenye ukurasa wa muuzaji wa Dar es Salaam, ambalo kwenye picha mtoto alikuwa amekaa ndani anacheka. Lililofika linatosha kunawia mkono mmoja, tena wa mtoto huyo huyo. Ulisema: "Mwandikie, mwizi mkubwa wewe, beseni lako ukamwogeshee kifaranga." Niliweka nyota tano nikaandika, "Asante, rangi ni ile ile." Sikudanganya, shangazi. Rangi ilikuwa ile ile. Lakini muuzaji alifurahi sana, akachukua maneno yako pamoja na picha yako ile yenye kilemba, akayaweka juu kabisa ya ukurasa wake, na mpaka jana watu hamsini na wawili walikuwa wameandika hapo chini kwamba wameagiza kwa kukuamini wewe. Wawili kati yao wanaimba sauti ya pili na wewe kwenye kwaya. Kama umekuwa ukijiuliza kwa nini wanakuangalia vile, ni beseni.

4. Kundi la akina mama wa kanisa. Mwenyekiti wenu, mama Marieta, alipofiwa na shemeji yake kule Butiama, maneno yako yalikuwa haya: "Mwambie pole. Na sufuria yangu ya msiba uliopita hajarudisha." Pole niliiandika. Niliiandika ndefu, nikaongeza mstari wa Zaburi, nikaongeza na kumbukumbu ya huyo shemeji ambaye mimi sijawahi kumwona. Sufuria nikaiacha. Kundi zima lililia. Kuanzia hapo kila mwenye huzuni anakuandikia wewe, na mimi nawafariji asubuhi nikiwa nafunga viatu, ndiyo maana nachelewaga namba shuleni. Walipokuchagua kuwa mfariji wa kundi ulisema wamekuogopa. Wiki iliyopita mama mmoja alikufuata mpaka kwenye meza yako ya samaki sokoni Mwigobero, akaegemea bega lako akaanza kulia, nawe ukamuuliza, "Mama, unanunua au hununui?" Shangazi, yule mama amewasimulia wenzake kwamba hajawahi kupata faraja kama ile. Anasema ulimfundisha kwa swali moja kwamba maisha lazima yaendelee. Tumefika mahali ambapo hata ukali wako halisi unahesabiwa kuwa busara, na aliyetufikisha hapo ni mimi.

Ninachoumia zaidi, na hiki sikukipa namba kwa sababu naona aibu, ni kwamba wageni hao hao wakija hapa nyumbani wananiona nimesimama na jagi la maji, wanauliza, "Huyu mtoto mbona haongei? Ulimi wa shangazi yake hakurithi hata kidogo?" Nawe unajibu, "Muacheni, huyo ni wa baba yake." Mimi namimina maji.

5. Shangazi Justina. Hapa nimefuta mara tatu. Kama karatasi imetoboka, ni hapo.

Nilikuwa na miaka saba bibi alipofariki kule Bugwema, lakini nakumbuka kila kitu. Picha yake nzuri ilikuwa moja tu, amekaa kwenye kiti, wewe umesimama nyuma yake umemshika bega. Dada yako Justina akaipeleka studio ikakuzwe kwa ajili ya msiba, na kwa kuwa kwenye picha hiyo ulikuwa umefumba macho, akaagiza wewe ukatwe. Wakakukata mwili mzima, wakasahau mkono. Siku ya mazishi picha ikawekwa mbele ya jeneza, bibi anatabasamu, na begani kwake vidole vinne visivyokuwa na mwenyewe. Watu kwenye foleni walikuwa wananong'ona, "Mkono wa nani huo?" Wewe ulikuwa umesimama hapo hapo. Hukusema kitu mpaka leo, miaka tisa, yeye huko Ukerewe na wewe huku, na mimi nilikatazwa hata kulitaja jina lake wakati wa kula.

Juzi, siku ya kumbukumbu ya bibi, akaiweka picha ile ile kwenye kundi la ukoo. Ulinyoosha simu mbali na macho, ukaangalia. Kisha ukaweka kisu chini. Sijawahi kukuona unaweka kisu chini kabla samaki hajaisha. Ukasema, "Mwandikie yeye peke yake. Mwambie huo mkono ni wangu."

Nilisubiri matusi yafuate, nikiwa tayari nimeandaa maneno ya kuyabadilisha. Hayakufuata. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili sikubadilisha hata neno moja. Niliandika, "Huo mkono ni wangu." Ila mwishoni niliongeza moyo mmoja mwekundu, mdogo, kwa sababu kisu kilikuwa bado chini na hapakuwa na alama ya kisu kilichowekwa chini.

Jibu lilikuja ukiwa sokoni na simu umeniachia nichaji. "Najua, mdogo wangu. Nisamehe."

Ilikuwa haki yako kusomewa. Lakini niliisikia sauti yako kabla hujarudi: "Mwambie amechelewa." Na ungesema hivyo, ingenibidi kuliandika, na neno hilo halina upande wa kulainishia. Nikajibu mwenyewe: "Nilishasamehe. Njoo." Akaandika: "Jumamosi." Nikaliambia dole lisimame, na lenyewe likaandika, "Karibu nyumbani dada, nitakukaangia visamaki vya furu kama vya mama."

Kwa hiyo, shangazi, taarifa rasmi ni hii. Keshokutwa ya kesho, yaani Jumamosi, dada yako anavuka kwa kivuko cha Kisorya, anapanda gari kupitia Bunda, na saa nane mchana atakuwa mlangoni kwako. Anakuja kumwona mwanamke mpole anayechagua samaki kwa mkono wake, anayefariji wafiwa, na aliyesamehe. Mwanamke huyo hayupo. Au yupo chumba cha pili, ana miaka kumi na sita, na wageni wakija anajificha. Ukifungua mlango ukamwambia yale unayoyasemaga siku zote, atageuza na mzigo wake pale pale, na safari hii haitakuwa miaka tisa. Itakuwa mpaka mmoja wenu awekwe mbele ya watu akiwa picha. Na mara ya kwanza mlikosana wenyewe, lakini mara ya pili nitakuwa nimewakosanisha mimi.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

Kwanza, dole langu litolewe kwenye simu leo hii, kabla halijamwalika mtu mwingine.

Pili, uanze kuandika mwenyewe. Nimejaribu, kioo kinakubali kifundo cha kidole. Watu wakipata maneno yako halisi watashtuka, lakini watakuwa wameshtushwa na mtu aliyepo.

Tatu, kwa ajili ya Jumamosi tu, ukariri sentensi nane nilizokuandikia nyuma ya karatasi hii. Nimezitoa kwenye meseji ulizokwisha kuwatumia watu, kwa hiyo ni kama zako. Ya kwanza ni "Karibu dada, pole na safari." Ya sita ni ngumu, ina neno "nilikukumbuka," unaweza kuitamka haraka. Tafadhali usizitamke ukiwa umeshika kisu.

Kama unaona nastahili adhabu, nakubali, ila naomba iwe Jumapili. Jumamosi lazima nikaange furu, nimeshaahidi kwa jina lako.

Nisalimie akina mama wote wanaouza samaki mwaloni, na mama Marieta, na wote ambao wamewahi kufarijika. Baba na mama Bugwema sikuwaambia lolote, wakikuuliza waambie nasoma kwa bidii, jambo ambalo kuanzia wiki ijayo litakuwa kweli.

Ni mimi mtoto wako mtiifu, angalau mpaka ulipofika hapa kusoma,

Wegesa.

Nyongeza, baada ya sahihi:

Shangazi, nimekitoa tena kitabu cha nyimbo ili niongeze haya. Ulipokuwa bafuni sasa hivi simu yako iliita, na mimi katika kuizima nikaipokea. Alikuwa Mhoja, mtoto wa shangazi Justina, yule wa kidato cha pili. Nilikimbia nayo nyuma ya mlango. Kisha akauliza kwa kunong'ona, "Samahani, hivi mama mdogo huwa anaandika mwenyewe?" Nikasema hapana. Akasema, "Hata mama."

Mama yake hataki kabisa kushika simu, anasema inampa joto sikioni. Mhoja ndiye anaandika. Ile siku ya mkono, mama yake alisema maneno matatu tu: "Mwambie alifumba macho." Mhoja akaona hayo hayaandikiki. "Nisamehe" ni yake. "Jumamosi" pia ni yake, alidhani wewe ndiye umemwita. Kwa hiyo ninyi wawili hamjaambiana neno jema hata moja, mimi na yeye ndio tumepatana, na hatukuwa tumegombana.

Tukaona tuvunje safari. Mhoja akakata simu akaenda kumweleza mama yake ukweli wote, kwamba hujasamehe, hujamkaribisha, na ulichosema ni kwamba mkono ni wako basi. Amepiga tena sasa hivi. Anasema amemkuta anapiga pasi vitenge vya safari, na hakuacha kupiga pasi. Jibu lake Mhoja amenipa neno kwa neno, nimemwapisha kwamba hakulainisha: "Nilijua. Nyangi tangu azaliwe hajawahi kuniambia karibu. Nani amekwambia naenda kupatana? Naenda kugombana. Huku kisiwani miaka tisa nikianza tu watu wananyamaza, hakuna hata mmoja anayejua kunijibu."

Kwa hiyo zile sentensi nane usizikariri. Nimezifuta kwa mstari. Jumamosi akibisha, fungua tu, useme la kwanza litakalokujia mdomoni.