Kipimo cha Adabu kwa Baiskeli ya Mbio

Jumatatu, 9 Juni

Kama si mimi, mji huu ungetembea uchi. Sisemi kwa kujisifu, ndivyo ilivyo. Sare za shule, mimi. Suti za wakubwa, mimi. Suruali aliyovaa hakimu siku aliyomfunga yule tapeli wa viwanja, upindo wake nilikunja mimi, na waliokuwepo walisema hukumu ilikaa vizuri kwa sababu ya suruali.

Leo mji umenikumbuka. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kaja kiwandani kwangu. (Chumba kimoja, cherehani mbili. Kiwanda ni moyo.) Alikuwa na unga kwenye nywele, ametoka zamu ya alfajiri kwenye mikate. Akasema Mjomba, nina shida. Nikamwambia nimekubali. Akasema bado sijasema. Nikamwambia nimekubali hivyo hivyo.

Shida ni hii. Timu ya baiskeli ya mji imebakiza nafasi moja. Jumamosi kuna mbio za jozi: kijana na ndugu yake aliyevuka arobaini. Jozi haihesabiwi imefika mpaka yule wa nyuma avuke mstari. Kijana wa jozi itakayotangulia ndiye atakayechukuliwa. Mpwa wangu amejinoa mwaka mzima, kabla ya zamu na baada ya zamu. Mama yake goti bovu. Baba yake alishatangulia mbele ya haki. Akasema nimebaki na wewe tu, Mjomba. Hiyo "tu" sikuipenda.

Nikamtuliza. Nikamsimulia nilivyowahi kushindana na gari moshi kwa baiskeli, gari moshi likaona haya, dereva akanivulia kofia. Akauliza baiskeli hiyo iko wapi. Nikamwonyesha ile nyeusi ya kupelekea sare, yenye keria. Akaizunguka. Akasema Mjomba, hii si baiskeli, hii ni ng'ombe mwenye kengele.

Basi kesho nachagua baiskeli ya mbio. Damu inachemka. Mke wangu kasema iache ichemke, isimwagike tu kwenye vitambaa vya watu.

Jumanne, 10 Juni

Siku kubwa! Nimekwenda dukani kwa Mama Spoku. Mwanamke mpana, kicheko chake kinaanza yeye akiwa bado stoo. Nikamweleza kwamba nahitaji baiskeli ya mbio, na kwamba mimi si wa kudanganywa.

Kumbe baiskeli za mbio ni kama suti, zina kabila zake. Iko ya kupandia milima, nyepesi mno, unaitundika kwenye hanga kama shati la hariri. Iko ya changarawe, tairi nene, ya mtu asiyejua anakwenda wapi. Iko ya mwendo mrefu, usukani umeinuliwa kidogo, mgongo hauumi. Na iko ya kukata upepo. Mabomba yake bapa kama kisu cha bucha. Nyekundu. Imesimama peke yake pembeni kama bwana harusi.

Mama Spoku akaniambia kwa njia ile ya Jumamosi, yenye mlima na mteremko, nichukue ya mwendo mrefu. Nilikuwa karibu kukubali. Lakini akaongeza kwamba ndiyo inayowafaa watu wa makamo. Makamo! Nikamwuliza makamo yako wapi hapa. Akasema ngoja nifikiri, akanitazama tumbo.

Nikachagua ya kukata upepo.

Akataka kunipima mguu, ili ajue saizi ya fremu. Nikakataa. Fundi wa nguo hapimwi, kama vile kinyozi hanyolewi barabarani. Nilimtajia kipimo changu kwa kichwa. Hapa niandike siri ya kazi yetu, maana daftari hili halisomwi na mtu. Fundi mstaarabu ana vipimo viwili. Kipimo cha kweli anakikata kwenye kitambaa, hakitamki. Kipimo cha adabu anamtamkia mteja. Mwenye kiuno kipana unampunguzia, mwenye mguu mfupi unamwongezea, kila mtu anarudi nyumbani ameridhika. Ndiyo maana wateja wangu hawahami.

Mama Spoku akaniuliza mara mbili kama nina hakika na kipimo hicho. Nikasema mama, mimi napima watu tangu wewe unapanda baiskeli ya magurudumu matatu. Tumeelewana: yeye ananipa baiskeli, mimi nawashonea mafundi wake ovaroli. Fremu ya saizi yangu italetwa kesho.

Jumatano, 11 Juni

Shemeji kapita. Shemeji ni kaka wa mke wangu, mwalimu wa michezo, na anashiriki Jumamosi na mwanawe. Jozi nyingi zimejiandikisha ila ya kuogopwa ni yao. Ni mtu wa kunyoa miguu. Baiskeli yake anaifuta kwa kitambaa laini kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Akaegemea mlango wa kiwanda. Akasema nimesikia, Shemeji, unaingia mashindano. Nikasema umesikia vizuri. Akasema sawa, na cherehani nayo ina pedali, ila haijawahi kufika popote.

Mke wangu akacheka. Ni kaka yake, damu nzito, lakini kulikuwa na haja gani ya kushika ukuta?

Nilimjibu. Nikamwambia pedali ya cherehani nimeikanyaga maisha yangu yote, na kama ingefungwa tairi ningekuwa nimeizunguka dunia na kurudi kukunja upindo. Miguu hii ni chuma. Akatazama miguu. Akasema chuma kifupi. Akaondoka anapiga mluzi.

Jioni baiskeli imefika. Ndefu. Nzuri. Nimeiegemeza sebuleni nikaitazama mpaka chai ikapoa. Siti yake inanifika karibu na kitovu. Baiskeli za mabingwa ndivyo zilivyo.

Alhamisi, 12 Juni

Kuna jambo dogo la kiufundi. Nikiwa juu, pedali ikishuka chini, mguu wangu hauifuati.

Nimeishusha siti mpaka mwisho. Bado. Mke wangu alishika baiskeli kwa nyuma ukumbini, mimi nikapanda kwa kutumia stuli ya jikoni, vidole vya miguu vikawa vinagusa pedali kama mtu anayejaribu maji ya moto. Ardhi ndiyo usiseme. Ardhi iko mbali. Nikitaka kushuka lazima mke wangu anikumbatie kiunoni na kunishusha kama mzigo wa juu ya kabati.

Akasema hii baiskeli si yako, ni ya mrefu mmoja anayeitafuta. Akasema rudi kwa Mama Spoku ubadilishe, bado mchana. Nikamwambia mambo ya mbio huyajui. Akasema mchagua jembe si mkulima. Nikamwambia hapa hakuna jembe.

Ukweli ni kwamba nilifika mpaka kona ya duka. Nikasikia kile kicheko. Nikafikiria nitakavyosema: mama, mguu niliokutajia si huu. Mbele ya mafundi ninaowashonea ovaroli! Nikageuka. Akili ikaja njiani, kama inavyokuja siku zote. Kama mguu haufiki, fundi anafanya nini? Anaongeza kitambaa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefanya kazi ambayo haijawahi kufanywa. Nimechukua soli za viatu vikuukuu, nikazipanga moja juu ya nyingine, nikazishona kwa uzi wa turubai chini ya raba zangu. Sasa miguu inafika. Nikitembea sebuleni natoa mlio wa kwato za punda, na nimegonga kichwa kwenye fremu ya mlango, raha ambayo sikuwahi kuipata.

Mpwa wangu akaja kuona maandalizi. Nikampa onyesho: stuli, mke wangu, hop, juu. Nikaendesha kutoka kwetu mpaka kwa jirani. Nikarudi, mke wangu akanidaka.

Mpwa wangu hakucheka. Ningependa angecheka. Aliziangalia soli, akaangalia stuli. Akaniuliza Mjomba, ukisimama njiani utapandaje tena. Nikasema sitasimama. Akauliza ukishindwa mlima. Nikasema haijatokea. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba nafasi nyingine itatoka baada ya miaka miwili, na zamu za mikate zinamla magoti kama zilivyomla mama yake. Akauliza kama naelewa. Nikasema naelewa sana. Akaondoka, chai hakuigusa.

Mke wangu akairudisha jikoni. Kesho tutaona. Ukiyavulia maji nguo, yaoge, na nguo zenyewe nimeshona mimi. Kaptura ya mbio, nyeusi, imebana. Namba niliyoiandika kwenye lebo yake ni ya adabu.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike kabla sijapoa.

Mstarini watu kama mchanga. Mke wangu kanishikilia kwa nyuma, wengine wakadhani ni utaratibu mpya. Shemeji akaniuliza kama nimerefuka usiku. Mwanawe akasema shikamoo mjomba, huku anaangalia viatu. Filimbi. Mke wangu akanisukuma. Hakunisukuma kwa upendo, alinisukuma kama gari lililozima, na ndivyo ilivyotakiwa.

Tambarare niliiweza. Miguu ya cherehani, nilisema! Inajua mwendo mmoja tu, ila haichoki. Shemeji na mwanawe walikuwa mbele, nikiona ule mgongo wake ulioinama kama mkasi.

Mlimani mpwa wangu aliweka kiganja mgongoni kwangu. Kwa heshima, kama mtoto mwema anavyomsindikiza mkubwa. Waamuzi waliruhusu, ndugu kwa ndugu. Aliuweka mkono pale tangu chini mpaka juu, akipumua kwa nguvu, nadhani kwa kuvutiwa na mwendo wangu. Aliniambia mara kwa mara Mjomba kanyaga. Nikamwambia nakanyaga. Akasema kanyaga kweli.

Kileleni kulikuwa na meza ya maji. Kila mtu alisimama. Shemeji alisimama, mguu mmoja chini, chupa mkononi, akajigeuza ili apigwe picha vizuri. Mpwa wangu akaniambia tusimame kidogo unywe. Nilitamani sana yale maji. Lakini kusimama ni kushuka, na kushuka ni kuanguka, na kupanda tena stuli iko nyumbani. Nikapita. Shemeji akaniona napita. Maji yalimtoka puani.

Halafu mteremko. Kuhusu mteremko niseme tu kwamba baiskeli ya kukata upepo, ukiipa mtu mwenye uzito wake, inaukata. Breki ziko mbali na vidole vyangu, zimewekwa kwa ajili ya yule mrefu. Sikuzihitaji. Soli moja iliruka, sikugeuka kuiangalia. Nilisikia Shemeji akipiga kelele kwamba huyo amerukwa na akili, sauti yake ikawa ndogo, ikawa ya mbu, ikapotea.

Tulivuka mstari, mpwa wangu na mimi, ubavu kwa ubavu. Wa kwanza! Mimi niliendelea. Nikapita waamuzi, nikapita bendi, nikapita hema la wageni wa heshima nikiwapungia kwa kichwa maana mikono haikuachia. Mpwa wangu alinifuata, akanishika ukosi, tukaishia pamoja kwenye ua wa michongoma wa shule ya msingi. Alikuwa analia na kucheka. Alisema Mjomba, Mjomba, tumeingia. Miiba ilikuwa kila mahali. Sikujali. Nilimwambia nilikuambia. Kisha na mimi nikalia kidogo, ni michongoma.

Jumapili, 15 Juni

Nalala kifudifudi naandika. Mke wangu ananitoa miiba kwa kibano cha kufumulia nyuzi.

Mpwa wangu kaja na jezi ya timu, jina lake mgongoni. Imempwaya mabegani. Nitaipunguza. Alikaa nasi mpaka chai ya pili.

Shemeji naye alipita. Hana mluzi. Akauliza, akitazama dari, ile baiskeli yangu ni ya aina gani hasa. Nikamweleza kwamba siri ya baiskeli ya mbio ni kuichagua kubwa kuliko mwili, ili ikuheshimu. Nimemshauri aongeze fremu saizi mbili. Mwanawe pia. Nimejitolea kuwapima. Nafikiri nitafungua pembe ya ushauri hapa kiwandani, mji unahitaji mtu anayejua. Mke wangu anataka baiskeli yake mwenyewe, kasema ya mwendo mrefu. Nimemtajia Mama Spoku kipimo chake kwa simu. Kwa adabu.

Mchana akaja kocha wa timu kunipa mkono. Akasema wote walionisikia kwenye mteremko wanasimulia habari ya wimbo niliokuwa naimba, sauti ya juu, ya ushujaa, na akaomba niwafundishe vijana wake wauimbe wakishuka. Nimekubali. Tunaanza Jumatano.

Sikuwa naimba. Nilikuwa namwita mke wangu aje anishushe.