Bata wa Darasa la Nne Afika Kijiwe cha Nguzo

Habari ilifika Kijiwe cha Nguzo, kule Chamazi, kabla kahawa haijachemka. Aliileta Mudathir, dereva wa bodaboda ambaye mtaa mzima unamwita VAR, kwa kuwa hakuna ubishi uliowahi kupita bila yeye kuurudisha nyuma na kuuamua upya.

"Wazee, tumekwisha!" alisema, hata pikipiki hajaizima. "Shule yetu hapo juu wamefuta Kiswahili. Darasa la nne wanafundishwa bata!"

"Bata gani?" aliuliza Adelard, karani mstaafu. Yeye wanamwita Kwa Mujibu, maana hajawahi kuanza sentensi ndefu kwa neno lingine.

"Bata, mzee wangu! Kitabu cha hadithi. Mwalimu anaingia, anafungua bata, anasoma, kengele inagonga, watoto nyumbani. Kodi zetu hizo!"

"Kwa mujibu wa taratibu, nomino hufundishwa ubaoni. Sie tulikariri: nomino ni jina la mtu, mahali au kitu. Ukikosea, fimbo."

"Ikakusaidia nini?"

"Nikaajiriwa."

"Kugonga mihuri! Muhuri unataka nomino?"

Mzee Mbwana muuza kahawa, ambaye jina lake la kijiweni ni Dele, kama dele, birika lake la shaba, alicheka mpaka kashata zikahama upande mmoja wa sinia.

Ifahamike kwamba pale kijiweni hakuna mtu aliyenunua gazeti kwa miaka mingi. Asubuhi kila mmoja hupita kwenye meza ya magazeti pale stendi, akaweka mikono nyuma, akasoma vichwa vya habari, kisha akaja kwenye benchi kubishana mpaka adhuhuri. Mawaziri wameteuliwa na kutumbuliwa pale kwa nguvu ya maandishi ya ukurasa wa mbele tu. Ya ndani huwa wanayajua wenyewe.

Faraji alikuwa mwisho wa benchi, mkoba wa vifaa miguuni. Ni fundi wa mafriji. Wanamwita Spika, kwa sababu zamani akifungua mdomo hata mwenye duka la ng'ambo ya barabara alikuwa anapunguza redio kusikiliza. Tangu mvua zilipoanza, walipomzika mkewe Zubeda, sauti ilikwenda ikabaki ya kuitikia salamu. Jina hawakulibadilisha. Hakuna aliyethubutu kupendekeza.

Aliingiza mkono mkobani, akatoa kitabu chembamba, akakiweka juu ya benchi.

"Hakuna kilichofutwa," alisema. "Ni hiki. Binti yangu Rukaiya yumo kwenye hilo darasa."

Kijiwe kizima kilisogea. Kwenye jalada palikuwa na msichana anakimbia mvuani, kakumbatia bata mweupe. Juu pameandikwa *Bata Aliyekataa Kuhama*.

"Mwalimu Kokuberwa anasoma nao sura moja," Faraji aliendelea, "kisha wanachambua humo humo. Bata kafanya nini? Kakataa, kapiga kelele, karudi. Hivyo ndivyo wanavyojifunza vitenzi. Halafu kila mtoto anaandika yake. Barua kwa bata, au sura inayofuata anavyodhani yeye."

"Barua kwa bata!" VAR alishika kichwa. "Anaipokelea wapi, posta?"

"Na Rukaiya kamwandikia nini?" Dele aliuliza taratibu.

Faraji alikizungusha kijikombe. "Hajaandika. Haandiki kitu tangu mama yake. Mwalimu kaniita. Mstari mmoja hana. Anasema walipoisoma sura ya saba alitoka nje, basi niisome naye nyumbani, labda mkono utafunguka. Jumatatu wenzake wanaingia ya mwisho."

"Sasa si usome naye?"

"Nimejaribu."

Hakusema alivyojaribu. Jioni ile alifungua kitabu, akaona kile kipande cha pindo la khanga alichokiweka Zubeda kuonyesha alipoishia, akamwambia mtoto kuna friji ya mteja inavuja, akatoka. Akaenda kukaa nyuma ya nyumba, karibu na friji mbovu isiyo ya mteja yeyote.

VAR aliona benchi linazama, akalivuta. "Ishu ndogo hiyo. Kinahusu nini?"

"Mafuriko. Familia ya bondeni inahamishwa, bata hataki. Sura ya sita maji yanakuja, bata anapotea."

"Kafa," alisema Kwa Mujibu.

"Kafaje? Bata anakufaje na maji, mzee? Hiyo ni offside ya wazi!"

"Kwa mujibu wa jalada, msichana amefumba macho. Huo ni msiba."

"Kafumba kwa sababu ya mvua! We ukinyeshewa unatumbua?"

"Maji ya mafuriko si bwawa. Yana mabati, yana nondo."

"Bata ana akili kuliko nondo!"

"Thibitisha."

"We ndo uthibitishe! Marehemu wako, maiti lete wewe!"

Walikwenda hivyo mpaka dele likaacha kuchemka. Benchi liligawanyika, Kafa upande wa nguzo, Hajafa upande wa mtaro, na wapita njia wawili wakasimama, wakachagua upande, wakaondoka na hasira zao bila kuuliza ni nani anayezungumziwa. Ndipo Dele akainua kibano cha mkaa.

"Samahanini. Kuna aliyekifungua?"

Walitazamana. Kitabu kilikuwa pale pale, kimefungwa, na mduara wa kijikombe umeshajichora juu ya msichana.

"Tabia ya gazeti hiyo," Kwa Mujibu alikiri, akikohoa.

Basi wakakifungua. VAR akanyakua sura ya kwanza, akaisoma kama anatangaza mechi. Nukta hazikumzuia, koma alizipiga chenga, mwisho wa ukurasa akawa anahema na hakuna aliyejua ni nani aliyehama. Kwa Mujibu akapokea, akasoma pamoja na alama zake: "Mama akasema koma fungua usemi." Dele akasoma kwa kuvuta kama yuko madrasa, mpaka bata akapata heshima ambayo hakuna bata aliyewahi kuipata Chamazi. Watu wazima, wengine wenye wajukuu, walikuwa wanavizia zamu kama watoto kwenye bembea.

"Spika, sura ya sita yako," alisema VAR. "Mvua imeshaanza, fanya haraka."

Faraji alipokea. Alisoma vizuri. Maji yaliingia uani, jirani akaita, bata akageuka. Sauti ya zamani ilijitokeza kidogo, na mwenye duka akapunguza redio. Kisha akafunua ukurasa, khanga ikaonekana, nyekundu iliyopauka.

Aligusa pindo lake kwa kidole.

"Miwani," alisema.

Faraji hajawahi kuvaa miwani, na wote walilijua hilo. VAR alifungua mdomo, Dele akamjazia kahawa asiyoiagiza.

"Mama yake aliishia hapo?" Dele aliuliza.

"Hapo hapo. Walikuwa wanasoma wote kila jioni. Rukaiya hataki kuvuka."

Kwa Mujibu alichukua kitabu, akakifunga polepole, khanga ikiwa ndani. "Basi na sie hatuvuki. Kwa mujibu wa..." Alitafuta, hakupata. "Hatuvuki tu."

Jioni, Rukaiya alikuwa uani anachambua mchele. Faraji akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Leo kijiweni wamemuua bata wako."

Mtoto aliinua uso. "Nani?"

"Mzee Kwa Mujibu na wenzake. Wanasema kafa, kapigwa na bati."

"Wamesoma ya saba?"

"Wamesoma jalada. Halafu mpaka pale kwenye khanga."

"Sasa wamejuaje?"

"Hawajui. Wanabisha tu."

"Na wewe umesemaje, baba?"

Faraji alichukua punje moja ya mchele, akaichunguza kama ina hitilafu. "Mie niliogopa kusoma."

Rukaiya aliendelea kuchambua. "Na mie," alisema.

Kisha, sinia likiwa limeshakwisha, akasema tena, kwa hasira kidogo, "Lakini hawawezi kumuua tu."

Jumamosi walifika wote wawili. "Shikamooni," Rukaiya alisema, na benchi zima likaitika na kupanguswa. Dele alimwekea kashata mbili. VAR alizima pikipiki, jambo ambalo hata mazishini hulifanya kwa shingo upande.

Rukaiya akafungua kitabu. Alikishika kile kipande cha khanga, akampa baba yake ashike, akaanza.

Alisoma kwa kusitasita, halafu kwa kukaza. VAR aliposema "Enhee, twende, twende!" alimtazama. "Kwenye koma unapumua, anko. Hukimbii." VAR akapumua. Katika sura ya saba msichana alimtafuta bata siku nzima, kwenye mabanda, kwenye matope, kwa majirani wapya wasiomjua. Hakumpata. Faraji alikuwa kakunja khanga ngumini, na hakukimbilia friji ya mtu yeyote. Mwishoni kabisa msichana alisikia kelele upande wa pili wa mto. Sura ikaisha.

Rukaiya akafunga kitabu.

"We, we, we!" VAR alisimama. "Kelele za nani?"

"Za bata huyo!" Dele alijipiga paja.

"Huenda ni bata mwingine," alisema Kwa Mujibu, ila kwa unyonge.

"Fungua ya nane, mama. Mstari mmoja tu," VAR alibembeleza.

"Mwalimu hataki. Unaandika kwanza unavyodhani wewe, ndiyo unasoma." Akachomoa karatasi kwenye mfuko wa shule, akampa kila mmoja yake. "Na wanaosema kafa waandike kafaje."

Hapo kijiwe kilikumbuka majukumu. VAR alisikia abiria anamwita, ingawa barabara ilikuwa tupu. Kwa Mujibu alikuwa na kikao cha mtaa, na kalamu zake zote alikuwa kazisahau huko huko. Dele, ambaye mkaa wake ulikuwa unawaka vizuri, alikwenda kutafuta mkaa. Wanaume waliotumbua mawaziri kila asubuhi walitawanyika mbele ya karatasi tupu kama mgambo wamefika.

Alibaki Faraji, na dele, na mtoto.

"Naanzaje?" aliuliza.

"Anza na alivyokuwa anafanya kabla hajapotea."

Faraji alifikiri. Akaweka karatasi juu ya mkoba wa vifaa, akaandika kwamba alikuwa anaamka kabla ya wote, na kelele zake zilikuwa zinajaza nyumba.

Rukaiya alisoma begani kwake. "Huyo bata?"

"Bata," alisema Faraji.

Mtoto alimtazama kidogo. Kisha akachukua karatasi yake, akageuka, akampa mgongo.

Si muda mrefu pikipiki ilirudi bila abiria. Nyuma ya nguzo akatokea Kwa Mujibu, karatasi imekunjwa mfukoni. Dele naye akaja, mikono mitupu.

"Oya, Spika," VAR alinong'ona, kwa sauti inayosikika hadi Mbande, "nauliza tu. Inatakiwa ukurasa mzima au hata nusu? Na kama mtu anataka bata wake awe na mke?"

"Kwa mujibu wa maelekezo..." Kwa Mujibu alianza.

Rukaiya hakuinua kichwa. Kalamu ilikuwa imeshavuka katikati ya karatasi.

"Nyamazeni kwanza," alisema. "Naandika."

Na kijiwe kikanyamaza.