Kinu Changu na Kifungu cha Kumi na Tano

Durban, Jumatatu, 7 Septemba 1998

Wewe Désiré, kama umefungua daftari hili, lifunge! Huna haya? Mtu mzima, mwanasheria wa Lubumbashi, unalala kwenye kochi langu, unakula ugali wangu, halafu unasoma siri za mwanamke anayekuzidi miaka ishirini na mitano! Mimi nilifika darasa la nne kwa masista. Kuandika najua. Na alama ya kidole chenye mafuta kwenye karatasi naijua pia.

Sasa habari. Gunia la majani ya muhogo limefika na basi la Maputo. Mabichi, mazuri. Jumapili kanisa linampokea mchungaji mpya, na sombe ya majani hayo nimeahidi mimi. Saa kumi na moja alfajiri nikaweka kinu sakafuni, nikaanza kutwanga. Nusu saa haijaisha, Bwana Steve, mwangalizi wa jengo, yuko mlangoni na barua. Kiingereza. Désiré akanisomea: onyo la pili kuhusu kelele. La tatu likija, tunatoka kwenye nyumba. Mkataba uko kwa jina la mwanangu Blaise, na Blaise ni dereva, ameondoka na lori kutoka Clairwood, yuko njia ya Johannesburg, harudi hadi Jumapili.

Aliyenishtaki ni Muneera, mjane wa ghorofa ya pili, chini yangu kabisa. Anadai chokaa ya dari inaangukia chai yake.

Afunike kikombe!

Jumanne, 8 Septemba

Sikulala vizuri. Blaise alitafuta nyumba miezi minane. Wenye nyumba wakisikia jina la kigeni, vyumba vyote vinajaa palepale. Sasa Jumapili nimpokee barabarani, nimwambie nini? Kwamba mama yake amebadilisha nyumba kwa mboga?

Désiré akaleta kitabu kidogo cha Katiba ya nchi hii. Serikali ilivigawa bure, kwa lugha kumi na moja. Kiswahili hakimo! Nikamwambia asihangaike, Katiba naijua. Kwetu wakati wa Zaire hata mtoto wa mgongoni alijua Kifungu cha 15: serikali haikupi kitu, jitafutie mwenyewe. Kwa kifungu hicho nimelea watoto sita na kuvuka mipaka minne. Basi najitafutia. Natwanga. Steve atasema nini?

Désiré akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Koko," ndivyo anavyoniita, yaani bibi, "ile ilikuwa utani wa watu. Hapa iko ingine kabisa." Utani! Miaka thelathini naishi kwa utani, na hakuna mtu aliyeniambia! Akasoma cha hapa: kila mtu ana uhuru wa dhamiri, dini, mawazo, imani na maoni.

Nikamwambia arudie pale penye dini. Akarudia. Sombe ni ya nani? Ya mchungaji. Basi kinu ni ibada! Huyu kasoma miaka kumi na saba na hakuliona hilo.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimetwanga kwa nyimbo za kanisa. Kila pigo la mchi, haleluya. Nusu gunia limekwisha.

Wimbo wa pili haujaisha, Steve akagonga. Nikafungua na mchi mkononi, nikamwambia, "Fifteen!" Ndicho Kiingereza nilichokuwa nacho. Akaguna eish, akachungulia ndani, akaandika kwenye karatasi yake. Désiré alipotoka bafuni akanieleza: Steve ameandika kwamba tunaishi humu watu kumi na watano.

Kisha akapanda Muneera mwenyewe, shela kichwani, kandambili miguuni. Babu zake waliletwa Durban kutoka pwani ya Waswahili zamani sana, na Kiswahili chao bado anacho, laini, kama nguo iliyokunjwa kabatini. Akasema, "Bi Clementina, na mimi kifungu hicho ninacho. Alfajiri nasali. Nikisujudu, wewe unanitwanga kisogoni." Nikamwambia akasali sebuleni. Akasema hapo ndipo sebuleni.

Hakupandisha sauti hata kidogo. Akasema serikali ile ya zamani, ya ubaguzi, iliwapakia kwenye malori kutoka Bluff, ikawamwaga Chatsworth, na hii Umbilo Road yetu, ya wazungu wakati huo, aliipita kwa basi tu, kukaa haruhusiwi. "Miaka thelathini na zaidi nimengoja nikae ninapotaka, mama. Sikungoja kinu."

Nikafunga mlango. Maneno yale yameniumiza kiuno kuliko kutwanga.

Ijumaa, 11 Septemba

Mpango mpya! Désiré anasema Kifungu cha 17 kinaruhusu watu kukusanyika na kupeleka maombi, kwa amani na bila silaha. Nikauliza kama mchi ni silaha. Akafungua kitabu kutafuta, jambo ambalo sikulipenda. Jana usiku akaandika maombi kwa Kiingereza: wapangaji tunaomba Mama Clementina aachwe atwange. Asubuhi nikamwambia ayabandike ubaoni akishuka, akavaa koti lake la njano, akaenda mjini kulinda magari ya watu. Kazi ya mwanasheria hiyo! Lakini analala kwangu, basi nanyamaza.

Nikashuka. Karatasi ya Kiingereza tayari imebandikwa ubaoni pale mlango mkubwa, majina kumi na moja! Nikasema Désiré leo kajitahidi. Nikaandika langu, kubwa kuliko yote, na ghorofa yangu. Wakati huo akaingia Mama Peguy wa kanisani, kaja kunitambia blenda yake: "Mashine iko rapide, haraka haraka, mama, mikono ya nini?" Anasaga sombe kwa umeme na bado anaiita sombe. Nikamkamata mkono nikamsainisha naye, ingawa haishi hapa.

Jioni Désiré akarudi. Akatoa mfukoni maombi yangu. Meupe, hayana jina hata moja. Alisahau kuyabandika!

Ile ya ubaoni ni ya Muneera. Inaomba kinu kiondoke. Wa kumi na mbili katika orodha: CLEMENTINA, GHOROFA YA TATU.

Nimejishtaki! Désiré akasema Kifungu cha 35 kinamlinda mtu asilazimishwe kujishtaki. Nikamuuliza nani alinilazimisha. Akasema ndiyo hiyo shida, Koko.

Jumamosi, 12 Septemba

Mkutano uani, chini ya kamba za nguo. Steve na barua ya tatu mkononi. Watu wakasoma jina langu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Steve akauliza kama saini ni yangu. Nikasema ni yangu. Kwa nini nimesaini? Nikamwambia Désiré atafsiri: nina uhuru wa maoni. Jana nilikuwa na yale, leo nina mengine.

Steve akanyoosha barua. Hapo nikaona magodoro ya Blaise barabarani. Désiré akasogea mbele na lile koti la njano, akafungua kitabu. Kifungu cha 26: hakuna kumtoa mtu nyumbani kwake bila amri ya mahakama. Alisoma kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye kochi langu. Hata watoto wakaacha mpira.

Muneera naye akasimama. Akasema hataki mtu ahamishwe, kuhamishwa anakujua. Anataka kinu kihamishwe. Kishuke hapa uani, nitwange saa nne hadi saa sita mchana, basi. Steve akarudisha barua mfukoni.

Wakashusha kinu. Kwenye udongo kinalia vizuri kuliko kwenye sakafu. Hilo sitamwambia mtu. Muneera akakaa juu ya ndoo, akawa anachambua majani bila kuombwa.

Jumapili, 13 Septemba

Ushindi! Mchungaji alijipakulia mara tatu. Ile ya blenda ilibaki sufuriani, maji ya kijani. Blaise amerudi, nyumba ipo, akauliza wiki ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa ya kimya tu.

Jioni nikamshushia Muneera bakuli la sombe, kwa heshima. Akaonja, akafumba macho. Akasema, "Kisamvu! Bibi yangu alikuwa akikipika. Ila umesahau tui la nazi."

Nimesahau! Mimi! Nazi kwenye sombe! Na ghorofa ya pili nzima sasa inaiita kisamvu. Katiba inalinda utu wa mtu. Na wa sombe je?

Désiré, najua unasoma, kidole ni kilekile. Tafuta kifungu kinachokataza nazi. Andika maombi, uyabandike wewe mwenyewe, mimi nitasaini wa kwanza, usipoteze muda kunisomea. Na kinu kipandishe juu leo hii. Kesho saa kumi na moja alfajiri nataka Muneera asikie vizuri sombe inaitwaje.