Makazi ya Mdudu-Koleo, Chumba cha Uani

Jumatatu, 4 Machi
Mama mwenye nyumba kanitolea uvivu. Eti chumba changu cha uani kinabomolewa Jumamosi, anajenga banda la kuku. Kuku! Ukuta unaovuja nimevumilia mimi, leo nawapisha kuku! Nimemjibu nitafikiria. Kasema hakuniuliza.

Jumanne, 5 Machi
Nimeinua godoro nilifunge. Chini yake, kwenye ufa: mdudu-koleo! Mweusi tii, koleo mkiani, kalalia mayai yake na kuyaramba moja moja. Wazo likanijia papo hapo. Mdudu adimu! Nani atathubutu kubomoa kwake? Mdudu nimempa jina: Bi Mkubwa. Nimeandika mlangoni kwa chaki: MAKAZI YA ASILI. Wanapenda unyevu, basi nimemwaga ndoo mbili sakafuni. Nalala juu ya meza.

Jumatano, 6 Machi
Fundi cherehani wa chumba cha mbele, mmbeya asiye na likizo, anatangaza kwamba mdudu huyu huingia masikioni. Uongo mtupu! Huingia nyufani. Lakini mwenyewe kajiziba masikio kwa pamba, na mteja kamwita mlangoni weee, mwisho kaondoka na kitambaa chake. Nimecheka mpaka nikateleza kwenye maji yangu. Kiuno hakifai.

Alhamisi, 7 Machi
Godoro limeota ukungu. Nakohoa. Mama mwenye nyumba kaja na nyundo kupima ukuta. Bi Mkubwa kamwinulia koleo. Mama kurudi nyuma, nyundo chini! Machozi yalinilenga. Hakuna aliyewahi kunitetea hivyo, hata dada yangu wa tumbo moja. Nimempigia simu mtaalamu wa wadudu wa serikali aje athibitishe. Nimeongeza ndoo.

Ijumaa, 8 Machi
Mtaalamu kapiga magoti majini na suruali yake nzuri. Kachungulia ufa. Kisha kasema ni adimu kweli, hajawahi kumwona akiwa hai! Kamwonya mama mwenye nyumba asiguse hata tofali. Nikamkonyeza fundi cherehani. Ndipo mtaalamu akauliza nani analala humu. Mimi, nikasema, kifua mbele. Akasema wadudu hawa hawataki kusumbuliwa na binadamu, nihame leo hii. Nikauliza nani atawamwagia maji. Akasema nusura niwazamishe.
Mama mwenye nyumba, aliyekosa banda, kajiliwaza kwa kunibebea mizigo hadi barabarani. Alikuwa anaimba.

Jumamosi, 9 Machi
Niko kwa dada, nalala sebuleni. Shemeji kauliza naondoka lini hata viatu sijavua. Nikavivua. Kiatu cha kushoto kikatoa mdudu-koleo, jike, kanona! Nimemwingiza chini ya kochi jipya la shemeji kwa heshima zote. Ila pakavu mno pale, maskini. Shemeji kaenda kuoga. Chaki ninayo, na ndoo nimeiona jikoni.