Ng'ombe Wangu Anayo Miguu

Chimala, Mei 1977

Ndugu Mkuu wa Sinema za Wakulima,

Salamu za kazi. Mimi ni Seni Budeba, mfugaji wa hapa Usangu. Nimekasirika, lakini nitaandika kwa adabu, maana karatasi haina kosa.

Mwaka jana Bwana Asukile, mchoraji wenu, alikuja bomani kwangu, akanywa maziwa, akamchora ng'ombe wangu mweusi mwenye mkanda mweupe tumboni na pembe moja iliyoinama. Mwezi uliopita kaja na gari la sinema, akatuonyesha sinema yenyewe, akanieleza mlivyofanya: mmemkata kwenye karatasi, mkachora njia kwa penseli toka bomani hadi joshoni kwenye dawa ya kupe, mnamsogeza kidogo juu ya hiyo njia, mnapiga picha, mnamsogeza tena. Haya. Sasa sikilizeni.

1. Miguu haichezi. Kasimama kama kabati, na huku anakwenda!

2. Mwendo ni uleule mwanzo hadi mwisho. Hasiti, hali majani, hakojoi. Ndugu, ofisini kwenu kuna mtu aliyewahi kuchunga hata mbuzi?

3. Penye mto njia imepinda ikarudi nyuma, ila ng'ombe hamkumgeuza. Basi kaenda kinyumenyume, katanguliza matako hadi joshoni! Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na mke wangu Mbuke akiwamo.

4. Hili ndilo linaloniuma. Gari lenu likaenda Iringa, likaonyesha hayo hayo Mlandege, anakokaa Mzee Bartholomeo Kalinga. Mwanangu Faustin anamposa binti yake, Tekla, na ng'ombe huyohuyo ndiye tuliyemwahidi mama wa binti. Mzee akaitambua ile pembe aliyoelezewa na mshenga wetu. Mshenga karudi na jibu: ng'ombe anayetembea bila kuinua mguu, tena kinyumenyume, ni wa wachawi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Posa imekataliwa. Faustin hali chakula.

5. Kwa hiyo naomba njia ichorwe upya, na penseli nishike mimi. Kila hatua isogezwe miguu yote minne. Penye majani asimame ale. Penye kivuli alale acheue. Sinema ikirefuka hadi asubuhi, watazamaji waje na blanketi. Kisha ionyeshwe Mlandege, ukutani kwa Mzee Kalinga mwenyewe. Mkishindwa, basi mtafutieni Faustin mchumba humo humo ofisini kwenu, mahari mlipe ninyi.

Wasalimieni makarani wote, dereva wa gari, na mama anayewapikia chai. Bwana Asukile mwambieni maziwa bado yapo, ila aje bila mkasi.

Ndimi mwenzenu katika kilimo na mifugo,
Seni Budeba

Nyongeza: Mshenga, niliyemrudisha Mlandege kubembeleza, kashuka basi sasa hivi. Mama Tekla kamgomea mumewe. Anasema ng'ombe anayekwenda joshoni peke yake, bila mchungaji, wala hagusi shamba la mtu, ndiye huyohuyo anayemtaka, na mwingine hapokei. Mzee kanywea. Jamani, Faustin kala ugali! Basi njia msiiguse, na miguu msiongeze hata mmoja. Ila niazimeni Bwana Asukile na penseli yake upesi, amchoree ng'ombe wangu njia ya kwenda peke yake, maana harusi ni baada ya mavuno, na ng'ombe mwenyewe bado anatembea kwa miguu.