Honi Moja ya Kwenda Dar

Jumatatu, 17 Novemba. Ijuganyondo.

Siku kubwa! Mchungaji ametangaza baada ya mazoezi ya bendi. Jumamosi anakuja Bukoba Mama Alistidia, yule binti wa Kanazi aliyehamia Dar zamani na sasa ana okestra yake huko. Wanarekodi muziki wa filamu. Anatafuta mpiga frenchi honi. Mmoja. Mkataba wa mwaka mzima.

Mmoja! Na huku kwetu tuko wawili tu: mimi wa bendi ya usharika, na mwalimu Agnetha wa bendi ya Muleba.

Wapiga tarumbeta wapo kila kona. Honi ni kitu kingine. Ni shaba iliyojiviringisha, mdomo wake unatazama nyuma, na mkono wa kulia unaingia humo ndani kuituliza sauti. Wamisionari walituachia moja, Muleba wakaachiwa moja. Nimesoma kwenye simu kwamba Ulaya kuna watu kazi yao ni hiyo tu. Wanaitwa kwenda studio, wanawekewa karatasi ambayo hawajawahi kuiona, wanaipiga mara moja, wanarudi nyumbani kula. Mimi nauza mbegu na dawa za mimea. Nina miaka thelathini na tisa. Nafasi hii haitapita Ijuganyondo mara ya pili. Naitaka kuliko kitu chochote.

Nimemweleza mke wangu Benadetha. Ameuliza kama huko Dar hawana vya kupuliza mpaka waje kwetu. Hana imani kabisa.

Jumanne, 18 Novemba

Nimefikiri dukani kutwa nzima. Wateja wawili nimewapa mbegu za kabichi badala ya nyanya. Si kitu.

Watu wanasema Agnetha anapiga vizuri. Watu wanasema mengi. Lakini kwa nini nijiweke hatarini? Majaribio yatafanyika mjini, studio kwa Burhani, pale anaporekodi kaswida na matangazo ya redio. Basi nimemtumia Agnetha ujumbe wa kidugu. Nimemwarifu kwamba majaribio yamehamishiwa Muleba, kwenye ukumbi wa usharika wao, Jumamosi ileile, hivyo asijisumbue kusafiri. Yeye atasubiri Muleba. Mimi nitakuwa Bukoba, peke yangu, na honi yangu. Hata si uongo mkubwa. Ni uongo wa kumpumzisha mtu.

Amejibu papo hapo. Ameshukuru sana, ameniita kaka, ameniombea baraka. Chakula cha jioni kimeshuka vizuri.

Jumatano, 19 Novemba

Janga!

Burhani amepita dukani kununua dawa ya mchwa. Akasema Jumamosi anapakia mitambo yake kwenda Muleba. Nikauliza Muleba kuna nini. Kumbe Agnetha, kwa adabu zake, alimpigia simu Mama Alistidia kumshukuru kwa kuwakumbuka watu wa Muleba. Mama Alistidia hakuwa na habari hiyo. Akadhani wenyeji wamepanga, na wazo likampendeza, maana ukumbi wa Muleba una dari ya juu na honi inapenda dari ya juu.

Ukumbi wa Agnetha! Anapopigia kila Jumapili! Na mimi ndiye niliyempelekea mlangoni!

Adabu ya mtu inaweza kukuharibia maisha. Lakini sirudi nyuma.

Alhamisi, 20 Novemba

Senene wameanguka, wale panzi wetu wa msimu! Mji mzima uko nje na ndoo. Benadetha amejaza yake chini ya taa ya jirani yetu Ashura, wamegawana kwa amani.

Nilikuwa nawatazama wakikaangwa, ndipo wazo likanijia. Mpiga honi ni midomo. Midomo ikipata mafuta haishiki noti, inateleza. Na ni Mhaya gani atakayekataa senene? Nitampelekea Mama Alistidia zawadi. Miaka yote hiyo Dar, atafurahi mpaka basi. Atamkaribisha Agnetha. Agnetha atakula kwa heshima. Mimi nitasingizia tumbo.

Nimemwomba Benadetha aongeze mafuta kwenye kikaango. Amesema senene wana mafuta yao wenyewe, hata mtoto anajua. Nimesisitiza. Ameongeza kijiko huku ananitazama mimi, si kikaango. Nikaongeza upawa mzima alipogeuka.

Ijumaa, 21 Novemba

Mazoezi. Nimepiga nyimbo za kitabu chote, kila wimbo beti zote, bila kupumzika. Ashura amekuja uani kusema kuku wake ameacha mayai. Amesema kwa upole lakini amesema mara tatu.

Hiyo ndiyo nguvu ya bendi yetu. Tunaanza wote, tunamaliza wote. Mtu akinyamaza katikati ya wimbo tunajua amepotea, na mzee Rutashobya, mpiga besi, anamkanyaga mguu mpaka arudi kundini. Mimi sijakanyagwa tangu mwaka wangu wa kwanza. Agnetha atakoma!

Jumamosi, 22 Novemba. Muleba, kwa shemeji.

Nitaandika yote.

Mama Alistidia ni mwanamke mnene, miwani inaning'inia kifuani, Kihaya chake bado kizima. Nilimkabidhi mfuko kwa mikono miwili. Akaunusa kabla ya kuufungua, akasema "mawe", yaani mama yangu kwa Kihaya, akafumba macho. Nikajiona niko Dar tayari. Akawamwaga senene kwenye sinia, akamsogezea Agnetha. Agnetha akainama kushukuru, akasema ataomba kula akishamaliza kupiga, kwa sababu ya midomo. Midomo! Alisema hivyo mbele ya watu wote!

Kisha sinia ikageuziwa kwangu. Mama Alistidia akacheka, akasema Dar hawajamsahaulisha kwamba kwetu aliyeleta ndiye huonja kwanza. Nikasema tumbo. Kicheko kikakatika. Akanitazama. Burhani naye akaacha nyaya zake akanitazama. Mtu anayekataa kuonja alichokileta mwenyewe, kwetu, hupewa jina, na jina lenyewe si zuri.

Nikala. Akasema chukua vizuri, usione haya. Nikachukua vizuri. Lazima nikiri walikuwa watamu. Mafuta yalifika kidevuni.

Nikaitwa wa kwanza. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unavaa hedifoni. Okestra yote imekwisha kurekodiwa Dar, unaisikia masikioni. Kwenye filamu mzee anarudi shambani siku aliyomzika mkewe, anakaa chini ya mgomba. Fidla zinapiga kidogo, zinanyamaza. Halafu honi, peke yake, noti nane. Basi.

Karatasi ilikuwa nyeupe karibu yote! Juu imeandikwa usubiri vipigo sitini na vinne. Nikajua huo ni mtego. Nani anamtoa mpiga honi Ijuganyondo aje kukaa kimya? Hata hivyo nilianza kuhesabu. Fidla zikanyamaza. Kimya. Kimya tu. Nikasikia mguu wa mzee Rutashobya ukiinuka. Nikaingia! Nikajaza pale pote, kwa nguvu za asubuhi ya Pasaka, midomo inateleza huku na huku. Noti moja ilitoka kama ndama anayemtafuta mama yake. Zile noti nane zilipofika sikuwa na pumzi hata ya moja.

Burhani alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanacheza. Mama Alistidia akavua hedifoni taratibu.

"Mwesiga waitu," akasema, kwa heshima ya Kihaya, "pumzi unayo. Lakini ule ukimya nilikuwa nimeuandika mimi."

Akaingia Agnetha. Akakaa, honi gotini, hakugusa kitu. Akasubiri mpaka nikaanza kumwonea huruma. Nikataka kumkanyaga mguu nimsaidie. Kisha akainua honi akapiga noti zake nane, polepole, na mimi nikamwona yule mzee chini ya mgomba ingawa picha haikuwepo. Nikamkumbuka baba siku tuliyomzika mama. Machozi yakanitoka.

Benadetha alizidisha pilipili kwenye wale senene.

Amechukuliwa Agnetha. Baadaye alikula senene wote waliobaki, akasifu.

Jumapili, 23 Novemba. Nyumbani.

Sikwenda ibadani. Nimemwambia Benadetha mitambo ya Burhani ilikuwa mibovu. Ameniwekea ndizi na maharage, akaongeza bila kuombwa. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote.

Nimeumia, sifichi. Nilikuwa nimeshaona mpaka kiti changu, karibu na dirisha.

Jioni nimekaa nikajichunguza bila kujionea huruma, kama mwanamume. Kosa nimelipata. Mafuta yalikuwa machache. Upawa mmoja zaidi, harufu ingevuka ukumbi na Agnetha asingeweza kuvumilia.

Jumanne, 25 Novemba

Nimeamka mtu mpya. Mchungaji amesema Agnetha anapanda ndege hapa Bukoba keshokutwa, na kwamba kurekodi muziki wa filamu nyingine kunaanza Dar jioni ileile. Nikajiuliza, asipofika je? Mama Alistidia atabaki na okestra nzima, bila honi. Atamkumbuka nani? Tuko wawili tu!

Nimemtumia Agnetha ujumbe wa kidugu. Nimemwarifu kwamba ndege yake sasa itaondokea Mwanza, hivyo awahi kule, asihangaike na Bukoba.

Amejibu papo hapo. Naunakili hapa kwa furaha:

"Asante sana kaka Mwesiga, sijui ningefanya nini bila wewe. Tena nilikuwa na habari njema. Mama anataka honi ya pili mwezi wa kwanza na nimemtajia jina lako. Amesema kunyamaza utafundishwa, yeye anataka kujua tu kama wewe ni mtu wa kuaminika. Ngoja nimpigie sasa hivi, nimweleze pia hili la ndege ulivyonisaidia."

Honi ya pili! Mwezi wa kwanza! Nimeruka dukani mpaka kopo la dawa ya mchwa limeanguka. Nimekimbia nyumbani, nimemwomba Benadetha anipigie pasi suti ya arusi, nikampa simu ajisomee mwenyewe. Amesoma ujumbe wangu, kisha wa Agnetha, kisha wangu tena. Ameweka pasi chini, ametoka kwenda kukaa kwa Ashura.

Sijui amepatwa na nini. Nimepiga pasi mwenyewe. Simu inaita. Ni Mama Alistidia. Haraka hivi!